Kwa Nini Kitasa cha Chuma Huhisiwa Baridi Kuliko Mlango Wake wa Mbao

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kila asubuhi nikishika kitasa cha mlango wangu, ambacho ni cha chuma, nahisi baridi inayonifanya nitake kuondoa mkono, lakini nikigusa mbao za mlango huo huo sihisi baridi ya kutaja. Kaka yangu anasema chuma kina ubaridi wake wa asili. Juzi niliamua kupima: nilikifunga kipimajoto kwenye kitasa, kisha kwenye mbao, na mara zote mbili kikasoma nyuzi 20. Je, kipimajoto changu kimeharibika, au mkono wangu ndio unaonidanganya? Na kama vyote viwili vina nyuzi 20, ni kitu gani hasa ninachokihisi?

Jibu: Marahaba. Kipimajoto chako ni kizima, nami nimefurahi kwamba ulipima kwanza kabla ya kuendelea kubishana. Kitasa na mbao vimelala usiku kucha katika hewa moja ya chumba kimoja, na vitu vilivyoachwa pamoja kwa muda wa kutosha, bila kimojawapo kupigwa na jua wala kuwa na moto wake, huishia kuwa na halijoto moja. Kama kitasa kingekuwa kweli na ubaridi wake wa asili, kingeendelea kuipoza hewa inayokizunguka mchana na usiku bila kukoma, na kila nyumba yenye milango ingekuwa na jokofu lisilohitaji umeme. Kaka yako amekosea, lakini amekosea pamoja na karibu kila mtu aliyewahi kugusa chuma, kwa sababu ushahidi wa mkono ni mgumu mno kuukataa.

Swali lako la mwisho ndilo ninalotaka kulikalia, maana jibu lake linafungua mambo mengi ambayo tunayagusa kila siku bila kuyaelewa. Mkono wako haupimi halijoto ya kitasa. Unapima halijoto ya ngozi yako mwenyewe, pamoja na kasi ambayo ngozi hiyo inapoteza joto au inapokea joto. Damu inayofika kwenye mkono imetoka ndani ya mwili wenye nyuzi zipatazo 37, na ngozi ya kiganja, kwa mtu aliyetulia mahali pasipo na baridi kali, huwa na nyuzi kama 33 hivi. Kitu chochote chenye nyuzi 20 utakachokigusa kitakuwa na joto dogo kuliko ngozi yako, na joto siku zote huelekea kule kulikopungua. Kwa hiyo hakuna baridi inayotoka kwenye kitasa ikakuingia. Ni joto lako linalotoka likaingia kwenye kitasa. Joto hilo hilo linatoka pia unapogusa mbao, lakini kwa mwendo tofauti kabisa.

Hapa ndipo kipimajoto na mkono vinapoachana. Kipimajoto hakina damu. Hakizalishi joto lake, hivyo ukikifunga kwenye kitasa kinapokea au kinatoa joto mpaka kiwe sawa na kitasa, kisha kinatulia na kusoma namba. Chuma kitakifikisha hapo upesi na mbao zitakichelewesha, lakini mwisho wa safari ni ule ule, nyuzi 20. Mkono nao hausubiri kufika mwisho, na kwa kweli haufiki kamwe, kwa sababu moyo unaendelea kuuletea damu yenye joto kila sekunde. Unachokihisi ni mwendo wenyewe, si kituo.

Tuangalie basi mwendo huo. Kila kitu kina uwezo wake wa kupitisha joto, na tofauti kati ya kitu na kitu ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Tukiupa ubao mkavu alama 1, kioo kinapata kama 6 au 7, chuma kisichoshika kutu kinapata kama 100, chuma cha kawaida kinapata mamia kadhaa, alumini inavuka 1,000 na shaba inavuka 2,000. Hewa iliyotulia haifikii hata moja. Inapata takriban sehemu moja ya sita. Unapoweka kidole kwenye mbao, joto linaloingia linabaki pale pale chini ya kidole, kwa sababu mbao hazina njia ya kulisafirisha haraka. Ule utando mwembamba wa mbao uliogusana na ngozi unapata joto ndani ya muda mfupi, unakaribia halijoto ya kidole, na tangu hapo kidole hakina tena sababu ya kupoteza joto kwa kasi. Ni kana kwamba unagusa joto lako mwenyewe lililorudishwa. Kwenye kitasa, joto linaloingia linaenea mara moja kwenye chuma chote, sehemu iliyo chini ya kidole inabaki karibu na baridi yake ya mwanzo, na kidole kinaendelea kunyang'anywa.

Jambo hili linaweza kupigiwa hesabu. Vitu viwili vyenye halijoto tofauti vinapogusana, pale vinapokutana panapatikana haraka halijoto ya katikati, na upande unaoshinda ni ule wenye uwezo mkubwa zaidi wa kupitisha joto na wa kulihifadhi. Ngozi yenye nyuzi 33 ikikutana na mbao zenye nyuzi 20, mahali pa mgusano panakuwa na nyuzi kama 29 au 30, yaani ngozi ndiyo inayoshinda. Ngozi hiyo hiyo ikikutana na kipande kinene cha alumini chenye nyuzi 20, mahali pa mgusano panashuka mpaka karibu nyuzi 21, na ngozi imeshindwa vibaya sana. Kwa hiyo mkono wako haukudanganyi kama ulivyohofia. Uso wa ngozi yako unapoa kweli, kwa nyuzi nyingi zaidi kwenye chuma kuliko kwenye mbao. Mkono umesema kweli kuhusu wenyewe. Tatizo ni kwamba sisi tunayachukua maneno yake kana kwamba yanahusu kitasa.

Nimesema kupitisha na kuhifadhi, na neno la pili si la kupuuzwa. Karatasi ya alumini iliyofunikia chakula ndani ya oveni hutoka na halijoto sawa na ya sufuria iliyokuwa pamoja nayo, lakini baada ya muda mfupi unaweza kuishika pembeni bila kuungua, ilhali sufuria haigusiki. Alumini ni ile ile, ila karatasi ni nyembamba mno, haina akiba ya joto ya kutosha kukuunguza, na hicho kidogo ilichonacho inakipoteza kwa hewa mara moja.

Huenda ukauliza ni nini kinachoifanya shaba iwe tofauti kiasi hicho na mbao. Katika metali, baadhi ya elektroni hazikufungwa kwenye atomi moja moja. Zinatembea huru ndani ya metali yote, na zinapopata nishati upande mmoja zinaifikisha upande mwingine kwa haraka. Elektroni hizo hizo ndizo zinazobeba umeme, na ndiyo maana vitu vinavyopitisha umeme vizuri karibu vyote hupitisha joto vizuri pia. Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, waliuonyesha uhusiano huo mwaka 1853. Fedha, kwa mfano, inaongoza metali zote kwa mambo yote mawili. Almasi ndiyo inayoipinga kanuni hii kwa namna ya ajabu: haipitishi umeme, na bado hupitisha joto kuliko shaba mara kadhaa, kwa sababu atomi zake za kaboni zimeshikamana kwa nguvu kubwa na mpangilio safi kiasi kwamba mtikisiko wa moja huwafikia majirani wa mbali karibu bila kupungua. Wauzaji wa vito hutumia sifa hiyo: kifaa chenye ncha yenye joto huwekwa juu ya jiwe, na kama jiwe ni kioo kilichochongwa, ncha inabaki na joto lake, kama ni almasi, joto linatoweka mara moja.

Mbao nazo zina vijishimo visivyohesabika vilivyojaa hewa, mabaki ya seli za mti zilizokuwa zikipitisha maji. Hewa iliyonaswa katika nafasi ndogo namna hiyo haiwezi kuzunguka, na hewa isiyozunguka ni miongoni mwa vizuizi bora vya joto tulivyo navyo. Mfano wa juu kabisa ninaoujua ni vigae vilivyokuwa vikikinga chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa mara ya kwanza mwaka 1981. Vigae hivyo vilitengenezwa kwa nyuzinyuzi nyembamba za silika, na takriban asilimia 90 ya ujazo wake ilikuwa nafasi tupu. Wahandisi walikuwa wakikitoa kigae kwenye tanuri lenye nyuzi zipatazo 1,200, na sekunde chache baadaye, katikati yake pakiwa bado pekundu kama kaa la moto, mtu anakishika kwa vidole vitupu kwenye pembe zake bila kuungua. Kipimajoto kingesema jambo moja na vidole vikasema jingine, na vyote viwili vingekuwa sahihi.

Ajabu ni kwamba kitasa chako kina ndugu yake katika historia. Mwaka 1757 Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa radi, alimwandikia barua tabibu John Lining wa Charleston, na ndani yake akataja meza yake ya kuandikia na kitasa cha meza hiyo. Alieleza kwamba vyote viwili, vikiwa vimekaa muda mrefu katika hewa moja, vina halijoto moja, ila mkono wake ulikihisi kitasa kuwa baridi zaidi, na akaona sababu ni kwamba mbao hazipitishi joto vizuri kama metali. Nikiisoma hoja hiyo huwa nafikiri jinsi alivyofika mbali kwa kuwa makini tu na kitu kilichokuwa mbele yake, katika zama ambazo wasomi walikuwa bado hawajakubaliana joto lenyewe ni kitu gani.

Sasa tuingie ndani ya ngozi. Chini kidogo ya uso wa ngozi kuna ncha za mishipa ya fahamu zenye protini maalumu ambazo ni kama vilango: halijoto ikifika kiwango fulani, kilango kinafunguka na ujumbe unaelekea kwenye ubongo. Kilango kimoja hufunguka ngozi inapopoa chini ya takriban nyuzi 26. Rudi kwenye hesabu yetu uone: mbao ziliiacha ngozi kwenye nyuzi 29 au 30, na alumini iliishusha mpaka karibu 21. Kingine hufunguka ngozi inapopita takriban nyuzi 43, na hicho ndicho kinachotupa hisia ya kuungua. David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa kazi iliyovumbua vilango vya joto, baridi na mguso. Kilango cha baridi kinafunguliwa pia na mentholi, ile kemikali ya mnanaa, na cha kuungua kinafunguliwa na kapsaisini iliyomo ndani ya pilipili. Kwa hiyo anayesema pilipili ni ya moto na mnanaa ni wa baridi anaripoti kwa uaminifu kile ambacho mishipa yake imeuambia ubongo, ingawa kipimajoto kikiwekwa kinywani hakitaona badiliko.

Mishipa hiyo ina tabia nyingine inayohusika moja kwa moja na swali lako: inajali zaidi badiliko kuliko hali iliyotulia. Halijoto ya ngozi ikishuka ghafla, inapiga kelele. Ikishatulia mahali papya, inanyamaza taratibu. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika kwamba maji yale yale yanaweza kuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mwingine. Jaribio lenyewe ni rahisi, fanya na kaka yako. Weka mabeseni matatu, la kwanza lenye maji baridi, la pili lenye maji ya moto yanayovumilika, na la tatu, liwe katikati, lenye maji ya uvuguvugu. Tumbukiza mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto kwa dakika moja, kisha ingiza yote miwili kwa pamoja kwenye beseni la katikati. Utakuwa na mikono miwili inayobishana juu ya maji mamoja, na hata ukijua sababu, ubishi hautakoma. Mswidi Torsten Thunberg aligundua jambo gumu zaidi mwaka 1896: vyuma vyembamba vikipangwa kwa kupokezana, kimoja cha uvuguvugu na kimoja cha ubaridi wa kadiri, mtu anayeweka mkono juu ya vyote kwa pamoja anahisi kuungua, ilhali hakuna hata kimoja kati yake chenye uwezo wa kumuunguza.

Hata hivyo, jaribio ambalo huwa nalipenda kuliko yote ni la barafu, kwa sababu linaufanya mkono utoe utabiri kisha linauonyesha kosa lake hadharani. Chukua vipande viwili vya barafu vyenye ukubwa sawa, na vitu viwili vilivyolala chumba kimoja: sufuria nzito ya alumini iliyogeuzwa chini juu, na ubao. Mwite kaka yako avishike vyote viwili, kisha mwulize barafu itayeyuka kwanza juu ya kipi. Atakwambia juu ya ubao, kwa kuwa sufuria ni baridi na itaitunza barafu. Viweke vipande hivyo kwa wakati mmoja, kisha tulieni mtazame. Kabla hata dakika haijaisha, kipande kilicho juu ya alumini kitakuwa kimezungukwa na maji na kimeanza kuteleza kikiguswa. Kingo zake zinalegea na kimo chake kinapungua mbele ya macho yenu. Kile cha juu ya ubao kitakuwa bado kimekaa na pembe zake, na ubao chini yake una unyevu kidogo tu. Nimelifanya jaribio hili darasani kwa miaka mingi, na kila mara chumba hunyamaza kwa muda. Alumini ile ile iliyoupokonya mkono joto ndiyo inayoipa barafu joto, na kwa haraka ile ile, maana metali haina upande. Inapitisha tu, kutoka penye zaidi kwenda penye pungufu.

Kutokana na hapo utaelewa kwamba kitasa chako hakitakuwa baridi siku zote. Siku ambayo chumba kizima kina nyuzi 33 au 34, karibu sawa na ngozi, ukigusa kitasa na mbao kwa macho yaliyofumbwa hutaona tofauti kubwa ya joto, kwa sababu hakuna joto linalohama. Vikiwekwa mahali penye nyuzi 50, mambo yanageuka, chuma kinakuwa kikali na mbao zinavumilika. Ndiyo sababu sufuria huwekewa mshikio wa mbao au plastiki, na ndiyo sababu mtu anaweza kuingiza mkono kwa muda mfupi kwenye hewa ya oveni yenye nyuzi 200 bila kudhurika, ila akigusa trei ya chuma iliyo ndani yake, yenye nyuzi 200 vilevile, anaungua papo hapo.

Blanketi nalo liingie humu, kwa kuwa wengi tunaamini lina joto lake. Kifunge kipimajoto ndani ya blanketi usiku kucha, na asubuhi kitasoma halijoto ya chumba. Blanketi halina joto la kukupa. Linanasa hewa, na hewa hiyo inalizuia joto lako lisiondoke. Ukitaka kuliona wazi, funga kipande cha barafu ndani ya blanketi na kingine ukiache wazi mezani: kilichofungwa ndicho kitakachodumu zaidi, kwa kuwa kinazuiwa kupokea joto la chumba, kama wewe unavyozuiwa kupoteza la kwako.

Kuna mahali pamoja ambapo jambo hili linaacha kuwa la kufurahisha na linakuwa la hatari, nami nakuomba ulichukue kwa uzito. Wazazi wengi hupima homa ya mtoto kwa kumwekea kiganja kwenye paji la uso. Kiganja hicho, kama tulivyoona, kinalinganisha tu. Mama aliyetoka sasa hivi kufua kwa maji baridi atamwona mtoto mzima kuwa ana homa, na mama ambaye mwenyewe ana homa anaweza kumgusa mtoto mwenye nyuzi 39 asione kitu. Kipimajoto kinachowekwa kwapani au kinywani hakina historia ya kunawa wala ya kuugua. Kiganja kikikutia shaka, chukua kipimajoto. Na kiganja kikikwambia hakuna neno huku mtoto amelegea na hachezi, bado chukua kipimajoto.

Nirudi mlangoni kwako nimalizie. Kesho asubuhi shika kitasa kama kawaida, lakini usikiachie. Kikamate kwa kiganja chote kwa dakika mbili, mkono mwingine ukiwa umekaa juu ya mbao. Mwanzoni baridi itakuwa kali, kisha itafifia, kidogo kwa sababu chuma kinapata joto lako na kidogo kwa sababu mishipa inaizoea hali. Ukifika mwisho, kiachie kitasa na ukiguse mara moja kwa kidole cha ule mkono uliokuwa kwenye mbao. Kidole hicho hakitakihisi tena kuwa na baridi kali kama ile ya mwanzo, na joto ambalo kitasa kimelipata ni lako mwenyewe, lililokuwa kiganjani dakika mbili zilizopita.